Kabla ya kuwalaumu wanaoomba, tuulize kama mgonjwa amefunga

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya selimundu (sickle cell), ugonjwa wa kurithi wa damu, hapa Kisumu, hutakosa kulisikia lalamiko la wahudumu kwamba kijana alikuwa akiendelea vyema na dawa, akapelekwa kwenye maombi, akarudishwa baada ya wiki chache akiwa amebebwa. Lalamiko hilo lina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba haidroksiurea, dawa ya vidonge ya ugonjwa huu, hupunguza vipindi vya maumivu, haja ya kuongezewa damu na hata vifo. Lakini dawa hiyo humezwa kila siku, na anayejisikia mzima ndiye mwepesi zaidi kuiacha. Isitoshe, baada ya msiba wa msitu wa Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400, mingi ya waumini waliofunga hadi kufa, ilifukuliwa, hakuna Mkenya awezaye kudai kwamba mfungo ni siri ya mtu na Mungu wake tu. Ibara ya 32 ya Katiba inalinda uhuru wa dini, nayo ya 53 inampa mtoto haki ya matibabu na kuyatanguliza maslahi yake katika kila jambo linalomhusu. Mzazi anayemnyima mwanawe dawa kwa jina la imani amevuka mpaka, na juu ya hilo sina la kujadili.

Ninachokitilia shaka ni hitimisho linalofuata upesi mno, kwamba imani ya familia ni kizuizi cha tiba. Familia hizi haziendi kanisani kutafuta dawa nyingine. Nyingi huenda kutafuta jibu la swali ambalo kliniki haijibu. Daktari ataeleza, na ataeleza sawasawa, kwamba wazazi wote wawili wakiwa wamebeba chembe ya urithi ya selimundu, kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hesabu hii hueleweka vibaya sana. Mama mwenye watoto watatu wazima humsubiri wa nne kwa hofu, na aliyeanza na mgonjwa hudhani zamu yake imekwisha, ilhali kila mimba huanza hesabu upya bila kukumbuka iliyotangulia. Tena hata ikieleweka vyema, inaeleza ugonjwa ulivyopatikana, haielezi kwa nini umempata huyu wangu. Katika pengo hilo jirani hutia neno la chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na mashemeji husema damu mbaya imekuja na mke, ingawa hesabu ile ile inasema nusu imetoka kwa mume.

Ni kanisani, mara nyingi kuliko tunavyokiri, ambako mwanamke huyo huambiwa kwa mara ya kwanza kwamba hakukosea. Katika Injili ya Yohana wanafunzi wanauliza kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu anakataa majibu yote mawili. Nimemwona mama akilia kwa nafuu kwa sababu ya kisa hicho. Na kwa wanaodai kitu cha kupimika, waangalie ni nani hulala kwenye wodi kwa zamu ili mama apumzike, na ni nani hujitokeza kuchangia damu benki ya damu inapokuwa tupu. Si nadra kuwa ni kundi la vijana wa kanisa la mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika maelezo yake ya tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, linayataja mateso ya kiroho pamoja na ya mwili.

Nikirudi kwenye lalamiko la kliniki, maumivu ya selimundu huchochewa na upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu na maambukizi. Sasa litazame kesha la Ijumaa. Kijana hajanywa maji tangu alfajiri, anaimba kwa kusimama katika kanisa la mabati lisilo na madirisha ya kufungika, upepo wa ziwa unaingia, na hatalala hadi kukuche. Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyemkataza dawa na kwamba amezimeza zote. Jumamosi atakuwa hospitalini hata hivyo, na faili itaandikwa kwamba familia ilimpeleka kwenye maombi, wakati kilichomwangusha ni kiu.

Mwaka uliopita nilimtembelea binti wa jamaa yetu, mwenye miaka 16, akiwa kwenye dripu. Mama yake alikuwa amemweleza muuguzi kwamba maumivu yalianza tu usiku, basi. Chupa ndogo ya mafuta ya upako ilikuwa chini ya mkoba, imefungwa ndani ya leso, kwa kuwa walipolazwa mara ya kwanza kuna aliyeiona akacheka. Kicheko kile, kwa maoni yangu, kiligharimu kuliko kesha lolote, maana tangu siku hiyo hapakuwa na habari ya kanisani iliyofika kwa daktari. Binti alikuwa amefunga siku tatu bila maji, wala hakufunga ili apone. Kundi lake lote lilifunga kabla ya mitihani, naye hakutaka kuwa peke yake mwenye chupa ya maji. Kwa vijana Waislamu wa mtaa wetu wa Kaloleni jambo hili lina mlango ulio wazi, kwani mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, lakini kijana anayeona haya mbele ya wenzake anahitaji kuisikia ruhusa hiyo kwa sheikh wake zaidi ya kwa daktari.

Viongozi wa dini nao wana kosa lao, na sidhani kwamba ni maombi. Ni ushuhuda wa haraka. Kijana akisimamishwa mbele ya kanisa akasema amepona, kila kidonge atakachomeza baadaye kitakuwa kama kukana maneno yake, na maumivu yakirudi yatarudi na aibu. Mchungaji anaweza kumwombea kijana kwa miaka kumi bila kumdai neno hilo hata mara moja.

Kadi ya kliniki ina nafasi ya kuandika dini, neno moja, kisha kalamu inahamia kwenye uzito. Ningeongeza maswali mawili pale: umefunga lini mara ya mwisho, na Ijumaa hii utakesha wapi? Yaulizwe kwa uso uleule unaouliza habari za homa, tena aulizwe kijana mwenyewe. Yule binti aliniambia habari ya mfungo mama yake alipotoka kwenda kuosha vyombo.