Injini ya gari la babangu haitoki

Jumamosi iliyopita nilisimama kituo cha mafuta Mtwapa. Kijana mmoja, mwenye adabu zake, alilizunguka gari mara mbili, kisha akaomba nimfungulie boneti. Nikamfungulia kwa furaha. Akainama, akaitazama ile injini ndefu ya silinda sita na kabureta zake mbili ubavuni, zile zinazochanganya hewa na mafuta, akanyanyuka na kuniambia: "Mzee, gari zuri sana hili. Toa hiyo injini, weka 2JZ, uone litakavyopaa."

2JZ ni injini ya Toyota, ya zama za kompyuta. Nililipa mafuta nikaondoka, lakini maneno yale nimelala nayo wiki nzima. Si yake peke yake. Nimeyasikia Nairobi, nimeyasikia Nakuru, nimeyasikia kwa binamu yangu mwenyewe. Datsun 240Z ikionekana barabarani siku hizi, swali la kwanza ni utaitia injini gani. Nimechoka kunyamaza.

Gari hili babangu alilinunua mwaka 1978, likiwa limekwisha tumiwa na wengine. Aliyekuwepo zama zile anajua kwa nini alilitaka. Pasaka ya 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari Rally kwa 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z vilevile, ya Shekhar Mehta. Pasaka ya 1973 ikawa zamu ya Mehta, yeye na Lofty Drews. Walilingana pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, na kilichowatenganisha ni kwamba Mehta alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Babangu alikuwa kando ya barabara mwaka ule, na habari ya zile pointi nilisimuliwa kila Pasaka ya utoto wangu. Alipolileta gari nyumbani, kazi ya kwanza aliyoifanya ni kupaka boneti rangi nyeusi isiyong'aa.

Mwaka 1991 aliliuza. Mimi nilikuwa nimepata nafasi shule ya bweni, ami yangu alikuwa amelazwa hospitali, na mshahara haukutosha yote mawili. Asubuhi ya siku aliyokuja mnunuzi, baba aliliosha gari kwa mikono yake, akakabidhi ufunguo, akaingia ndani akalala. Sikuwahi kumwona babangu akilala mchana, si kabla ya siku ile wala baada yake.

Nililipata tena 2019, Kilifi, nyuma ya karakana ya seremala, chini ya mkorosho. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva, lakini namba zilikuwa zile zile, nazo nazijua kama jina langu. Nikamwamkia mwenyewe shikamoo, nikamwambia, "Mzee, hili lilikuwa gari la babangu." Akanitazama kitambo. "Wewe ndiye mtoto wa yule wa Tudor? Watu wa vyuma chakavu wamenijia mara tatu, nikawafukuza. Babako aliniomba nisilikatishe." Akaniuliza kama baba yupo. Nikamwambia alifariki 2012. Bei tuliyopatana baada ya hapo inabaki kwangu na kwake.

Kuhusu kutu nisiwachoshe. Hewa ya bahari haina huruma na bati, na magari haya huanza kuoza yenyewe kwenye kikalio cha betri hata yakikaa bara. Chetu kilikuwa kimeliwa chote, na sakafu upande wa dereva ilitoboka kama chujio. Fundi wa kuchomelea alipokuwa akiikata, alikuta kiraka cha bati la debe la mafuta ya kupikia, maandishi bado yanasomeka. Kazi ya babangu ile. Hakikuweza kubaki, gari lingekatika katikati, lakini kimetundikwa ukutani sebuleni kwangu.

Miaka minne tumelitengeneza. Jamaa wanasema pesa zile zingenunua kiwanja. Ni kweli, zingenunua. Dalali naye alinijia na mnunuzi wa ng'ambo, nikamrudishia soda yake.

Sasa turudi kwenye injini, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Fundi wangu yuko Majengo, ana zaidi ya miaka sabini, na amezifungua injini hizi tangu akiwa spanaboi. Siku ya kuziweka sawa kabureta hakuleta kifaa chochote cha umeme. Alileta kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, urefu wa mkono. Injini ikiwa inanguruma polepole, aliweka ncha moja kwenye mdomo wa kabureta ya mbele na nyingine sikioni. Akasikiliza upepo unavyovutwa. Akahamia kabureta ya nyuma, akasikiliza, akageuza skrubu kidogo mno hata sikuona mkono ukisogea, akarudi ya mbele. Hivyo hivyo, kwa muda wa kama nusu saa, bila kusema neno. Kisha injini ikatulia. Ile mitetemeko niliyokuwa nikiisikia kwenye bodi ikaisha, na ule mngurumo wa silinda sita ukaja kama nilivyokuwa nikiusikia nikiwa kitandani, baba akirudi kazini usiku.

Ana kijana anayemfunza, wa miaka kumi na tisa. Mara ya kwanza alipopewa mpira alisema hasikii tofauti yoyote. Fundi hakumgombeza, alimwambia asikilize tena kesho. Wiki ya tatu akasema, "Ya nyuma inavuta zaidi." Ilikuwa kweli. Leo anajua kuinyanyua pistoni ya kabureta kwa kidole na kuiachia ianguke, na kwa mlio wake tu akajua kama imekwama. Jambo hili hakulisoma popote. Amelipata kwa sababu kuna injini moja pale gereji inayolihitaji.

Basi niambieni: tukizitoa hizi injini zote, tukatia zinazosomwa na kompyuta, yule kijana ajifunzie wapi? Na Fundi, ambaye sikio lake la kushoto limeanza kufa, amrithishe nani? Watu wanadhani nahifadhi chuma. Chuma kinapatikana. Masikio yale hayapatikani, na hayana mahali pengine pa kufanyia kazi isipokuwa mbele ya kabureta mbili zinazovuta.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba 2JZ yenye tabo ina nguvu karibu maradufu. L24, yaani hii injini yangu, ina ujazo wa sentimita mchemraba 2393, na ilipokuwa mpya ilitajwa kuwa na nguvu farasi 151 basi. Nakubali pia kwamba mimi mwenyewe nimetoa pointi za zamani za kuwashia cheche kwenye distributa nikaweka za elektroniki, kwa sababu sikutaka kukwama Mariakani usiku na mtoto garini, na mikanda ya viti nimebadilisha yote. Sidai kwamba kila nati iwe ya 1972. Lakini Nissan wenyewe, waliozitengeneza hizi Datsun, mwishoni mwa miaka ya 1990 kule Marekani, walinunua tena 240Z kuukuu, wakazifanya upya na kuziuza kupitia wauzaji wao. Walikuwa na kila injini ya kisasa waliyoitaka. Walifungua L24, wakaijenga upya, wakairudisha mahali pake.

Mamangu hana habari na kabureta. Jioni ya kwanza nilipoliingiza gari uani alikuwa jikoni akikuna nazi. Mkono ulisimama kwenye mbuzi. Akangoja mpaka nilipozima injini, ndipo akaendelea kukuna.

Kijana wa Mtwapa, kama haya yatakufikia: Jumamosi asubuhi tunakuwa gereji, Majengo. Kabureta ya nyuma imeanza tena kuvuta kidogo kuliko ya mbele. Njoo na nguo za kazi. Mpira upo.