King alikosea kuhusu Kubrick? Nusu tu

Mjadala wa filamu za kutisha ukipamba moto, haichukui muda kabla mtu hajaleta kichekesho hiki: Stephen King hajui sinema, kwa sababu aliichukia The Shining ya mwongozaji Stanley Kubrick. Filamu hiyo ya mwaka 1980, ya familia inayolinda hoteli tupu yenye mizimu wakati wa baridi, leo inahesabiwa miongoni mwa filamu kubwa kabisa za aina yake. King, aliyeandika riwaya yenyewe na kuichapisha 1977, aliifananisha na gari zuri la kifahari lisilo na injini. Basi watu hucheka. Dunia nzima imeogopa, isipokuwa mwenye hadithi.

Wanaocheka wanamwonea. Lakini hata watetezi wake humtetea kwa sababu isiyo yake. Husema Kubrick "hakufuata kitabu", kana kwamba King ni mtu wa kuhesabu kurasa zilizorukwa. Historia yake inakataa. Katika riwaya ya Cujo ya mwaka 1981, mtoto aliyenaswa na mama yake ndani ya gari bovu, huku mbwa mwenye kichaa akizunguka nje, anakufa. Kwenye filamu iliyofuata miaka miwili baadaye mtoto anapona, na mwandishi hakupiga kelele. The Mist ni mfano mkali zaidi. Hadithi ya King inaishia na tumaini dogo, la kusikika kwa mbali redioni. Mwongozaji Frank Darabont alipoitengeneza filamu mwaka 2007 alilifuta tumaini hilo na kuweka mwisho katili kiasi kwamba wapo watazamaji hawajamsamehe hadi leo. King alimsifu, akasema angefurahi kama wazo hilo lingemjia yeye.

Kwa hiyo suala si utiifu. Kuna anayegeuza hadithi akasifiwa, na kuna anayeigeuza akachukiwa. Tofauti iko wapi?

Tazama anayelalamikiwa hasa. Si hoteli, si mizimu, si chumba kilichobadilishwa namba kutoka 217 kuwa 237. Ni Jack Torrance, baba wa familia ile. Katika riwaya Jack ni mlevi aliyeacha pombe, mwalimu aliyefukuzwa kazi, baba aliyewahi kumvunja mwanawe mkono akiwa amelewa na tangu hapo anaishi na aibu hiyo. Anaipenda familia yake. Hoteli inamla polepole, na kwa sababu tumemwona akijitahidi, kila hatua ya kuanguka kwake inatuuma. Hata mwishoni, kwa nukta chache, baba halisi anarudi na kumwambia mtoto akimbie. Kisha mtambo wa kuchemshia maji unalipuka na hoteli inateketea naye ndani.

Jack Nicholson, anayemwigiza kwenye filamu, ana nyusi za mtu aliyekwisha kuharibika tangu anapofanyiwa usaili wa kazi. Hana pa kuanguka kutoka. Shabaha ya King ilikuwa hapo: kama mtu ni kichaa tangu dakika ya kwanza, hakuna msiba, kuna kungoja shoka tu.

Lawama hiyo ina mzizi wa ndani. Katika On Writing, kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu maisha yake na kazi ya uandishi, King anakiri kwamba alikuwa mlevi, na kwamba aliandika The Shining bila kutambua kuwa anajiandika mwenyewe. Ukilijua hilo, hasira yake inabadilika sura. Mtu aliweka kitabuni ulevi wake, woga wa kuwadhuru watoto wake, na imani kwamba hata aliyeoza ana chembe ya wema. Mwongozaji akachukua vyote akaiacha chembe. Sijui ni mwandishi gani angekaa kimya.

Na juu ya Wendy, mke wa Jack, King yuko sahihi bila ya mjadala mrefu. Mwanamke wa kitabuni ana akili na ana hasira. Wa filamu amepewa kulia na kupiga mayowe. Shelley Duvall, aliyemwigiza, alibebeshwa lawama ya uamuzi huo hadi akateuliwa kuwania Razzie, tuzo ya dhihaka ya uigizaji mbaya zaidi. Waandaaji waliufuta uteuzi huo mwaka 2022, wakikiri kwamba alitendwa vibaya kwenye upigaji picha.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo kesi ya King inapovuja. Kubrick hakuwa na kurasa mia nne za kutuingiza kichwani mwa Jack. Riwaya inaweza kukaa ndani ya fikra ya mtu kwa sura nzima, lakini kamera huona sura, ukuta na zulia. Akafanya kinachowezekana kwa kamera. Mtoto anaendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwenye korido, kamera inamfuata kwa chini bila kutikisika, magurudumu yanavuma kwenye sakafu ya mbao, yanakufa sauti kwenye zulia, yanavuma tena. Hakuna kinachotokea, na huwezi kukaa vizuri kitini. Kitabuni kuna vichaka vilivyokatwa kwa umbo la wanyama, vinavyosogea ukigeuza shingo. Kwenye karatasi ni jambo la kuogofya kwelikweli. Kubrick aliona kwamba kwa teknolojia ya wakati ule vingechekesha, akavitoa na kuweka bustani yenye njia za kupoteana. Ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua mipaka ya chombo chake.

Anayemtetea Kubrick vizuri kuliko wote ni King mwenyewe. Mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya filamu ile, alitoa Danse Macabre, kitabu cha uchambuzi wa hadithi na filamu za kutisha. Humo anaeleza kanuni ya mlango uliofungwa. Msikilizaji anaogopa kilicho nyuma ya mlango. Ukiufungua na kumwonyesha mdudu wa urefu wa futi kumi, atapiga yowe, lakini ndani ya yowe kuna nafuu: alidhani angekuwa wa futi mia. King anakiri pia kwamba yeye binafsi hawezi kuuacha mlango umefungwa hadi mwisho, maana huo anauona ni udanganyifu kwa msomaji. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo tofauti halisi ya watu hawa wawili. Kubrick hakuufungua mlango. Hadi leo hatujui hoteli ile inataka nini, wala Jack anatafuta nini kwenye picha ya ukutani ya mwaka 1921 inayoifunga filamu. Watu wameandika tafsiri zisizo na idadi kwa sababu hakuna aliyepewa ufunguo.

King amewahi kusimulia kuwa Kubrick alimpigia simu kumwambia kwamba hadithi za mizimu, kimsingi, ni za matumaini, kwani zikiwa kweli basi kuna maisha baada ya kufa. King akamuuliza: na jehanamu je? Kimya kidogo, kisha Kubrick akajibu kwamba yeye haamini jehanamu. Mmoja aliandika kuhusu uovu unaomwingia mtu kutoka nje naye anapigana nao, mwingine akatengeneza filamu ambamo uovu ni mtu mwenyewe. Wasingekutana popote.

Wapo wanaosema dharau ya mwandishi wa vitabu kwa sinema ndiyo iliyomfanya King asione. Hapana. Huyu ni mtoto wa sinema. Akiwa kijana huko Maine alikuwa akidandia magari ya watu kwenda mji jirani wa Lewiston kutazama filamu. Alipotoka kuona The Pit and the Pendulum ya Roger Corman, iliyotokana na hadithi ya Edgar Allan Poe, alirudi nyumbani akaiandika upya kama kitabu kwa kumbukumbu tu, akakichapa kwa mashine ya kaka yake na kukiuza shuleni kwa senti 25. Kiliuzika vizuri hadi mkuu wa shule alipomwita, akamtaka arudishe pesa za watu na kumuuliza kwa nini anapoteza kipaji kwa upuuzi. Mauzo yake ya kwanza makubwa, kwa hiyo, yalikuwa ya filamu iliyogeuzwa kitabu bila ruhusa ya mtu. Mtu wa historia hiyo akija kulalamika kwamba hadithi yake imegeuzwa, tabasamu kidogo linaruhusiwa.

Na sinema imemlipa. Carrie, riwaya yake ya kwanza, ilitoka 1974. Brian De Palma alipoitengeneza filamu mwaka 1976, Sissy Spacek na Piper Laurie waliteuliwa kuwania Oscar, jambo ambalo filamu za kutisha hazilizoei, na jina la King likaingia kwenye nyumba za watu wasionunua riwaya.

Lakini kuipenda sinema si kuijua kazi yake. Mwaka 1986 King alipewa na mtayarishaji Dino De Laurentiis nafasi ambayo kila mwandishi mwenye kinyongo huiota: aongoze filamu yake mwenyewe, kutoka hadithi yake mwenyewe. Ikazaliwa Maximum Overdrive, ya malori yanayoamka na kuua watu, na muziki wa bendi ya roki ya AC/DC juu. Ilianguka vibaya. Mpiga picha mkuu, Armando Nannuzzi, alipoteza jicho baada ya mashine ya kukatia nyasi kurusha vipande vya mbao kwenye seti. King aliteuliwa kuwania Razzie kama mwongozaji mbaya zaidi, na baadaye alikiri kwamba kipindi kile alikuwa amezama katika kokeini na hakujua anafanya nini. Hajaongoza filamu tena.

Jaribio la pili lilikuwa la heshima zaidi. Mwaka 1997 aliandika The Shining upya kwa ajili ya televisheni ya ABC, sehemu tatu, chini ya uongozaji wa Mick Garris. Ilipigwa kwenye Stanley Hotel ya Colorado, ile ile ambako wazo la riwaya lilimjia mwaka 1974. Ili aipate haki hiyo ilimbidi akubali kuacha kuisema vibaya hadharani filamu ya Kubrick. Kila kilichotolewa kikarudishwa: upendo wa Jack, mtambo unaolipuka, vichaka vya wanyama, sasa vikiwa vimechorwa kwa kompyuta. Ni kazi ya kweli kwa kitabu kuliko filamu ya 1980. Haitishi. Milango yote imefunguliwa, na nyuma ya kila mmoja kuna mdudu wa futi kumi.

King hupenda kumnukuu James M. Cain, mwandishi wa riwaya za uhalifu, ambaye alipoambiwa kuwa Hollywood imeviharibu vitabu vyake alionyesha rafu na kusema havijaharibiwa, viko pale. Jibu zuri. Kuhusu kitabu hiki kimoja King mwenyewe hakuweza kuliishi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi.

Je, basi, mwandishi aachie hatamu moja kwa moja? Hapo napo siko na wanaosema hivyo. Mwaka 1992 ilitoka filamu iliyoitwa The Lawnmower Man, yenye jina la King juu yake na karibu hakuna chochote cha hadithi yake ndani. Alikwenda mahakamani kulitoa jina lake na akashinda kuhusu madai kwamba filamu ni yake. Hilo ni la kulinda, maana anayelaghaiwa ni mtazamaji.

Mfumo alioufikia kwa miaka unavutia zaidi. Kwa wanafunzi wa filamu aliruhusu, hadi mwaka 2023, watengeneze filamu fupi kutoka hadithi zake kwa dola 1, mradi wasiziuze. Mmoja wa walionufaika mapema alikuwa Darabont yule yule, na kutokana na uaminifu huo baadaye akapewa hadithi ya gereza isiyo na mzimu hata mmoja. The Shawshank Redemption ya mwaka 1994 haikurudisha gharama zake ilipoingia majumba ya sinema, ikateuliwa mara saba kuwania Oscar bila kushinda hata moja, kisha ikapendwa kupitia kanda na televisheni kuliko filamu nyingi zilizoishinda. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba aliyeiandika ni yule wa mchekeshaji wa sarakasi wa kutisha wa It, wengi hawaamini.

Shawshank, Stand By Me, Misery iliyompa Kathy Bates Oscar: orodha hii hutolewa kuthibitisha kwamba waongozaji wanaofanikiwa na King ni wanaowapenda watu wake. Nakubaliana, kwa kiasi kikubwa. Kubrick hakuwapenda na bado akatengeneza iliyo kubwa kuliko zote, na nadharia yoyote inayompita pembeni haijakamilika. Ninachoweza kusema ni kwamba Kubrick alikuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pa upendo. Wengi wanaouiga ukali wake hawana.

Mwongozaji Mike Flanagan ndiye aliyejaribu kuwapatanisha King na Kubrick. Alipotengeneza Doctor Sleep mwaka 2019, kutoka riwaya ya King ya 2013 inayomfuata mtoto wa Jack ukubwani, alikuwa na tatizo: kitabuni hoteli ilishaungua, kwa Kubrick bado imesimama. Aliomba ruhusa ya kuirudisha hoteli ya Kubrick, zulia na lifti ya damu pamoja, kisha akampa mtoto mwisho ambao King alimwandikia baba: anabaki ndani, mtambo unalipuka, moto unamaliza. Mtoto huyo, kwenye filamu, naye ni mlevi aliyeacha pombe, na kuna tukio ambamo mzimu wa baba unamwekea glasi mbele. King alisema filamu hiyo ilimponyesha yale yaliyomkera katika ile ya 1980. Watazamaji, kwa upande wao, hawakujitokeza kwa wingi, na studio haikupata ilichotarajia.