Konsoli mbili hazileti michoro maradufu

Kuna makala inayosema ukiunganisha konsoli mbili (mashine za kuchezea gemu) kwa kebo ya mtandao, michoro ya gemu itakuwa bora mara mbili. Hapo naomba nipinge. Gemu ikikimbia fremu 60 (yaani picha 60 zinazofuatana) kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu: mwanga, vivuli, maji, vyote viwe vimeshachorwa. Sasa tazama njia ambayo data ingepita kati ya konsoli hizo. Ndani ya konsoli ya PlayStation 5, kumbukumbu hupitisha data hadi gigabaiti 448 kwa sekunde, ilhali tundu lake la kebo halizidi megabaiti 125 kwa sekunde. Konsoli ya pili itaishia kusubiri.

Ni kweli, mwaka 2010 Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha PlayStation 3 zaidi ya 1,700, na mimi navutiwa sana na kazi ile. Lakini ilikuwa ya kuchakata picha za rada na mahesabu mengine yanayogawanyika vipande vipande. Hakukuwa na mchezaji aliyebonyeza kitufe akitaka mhusika aruke papo hapo.

Waandishi wa teknolojia, kabla hamjamshawishi mtu anunue konsoli ya pili, waulizeni kwanza watengenezaji wa gemu husika kama programu yao imeandikwa kugawana uchoraji kati ya mashine mbili.