Kidonge Hiki Kilichimbwa Ardhini

Juzi dada yangu alinionyesha vidonge alivyoandikiwa baada ya hedhi yake kugoma kukatika. Nyuma ya karatasi inayong'aa, kwa herufi ndogo kama punje za mchanga, pameandikwa noretisteroni, homoni ya kutengenezwa ambayo pia huzuia mimba. Nikamwambia, "Dada, unajua hii asili yake ni kiazi?" Akacheka. Nikaingia mtandaoni kumtafutia ushahidi, na makala ya kwanza niliyokutana nayo ikaniudhi hadi leo. Ilikuwa na picha ya mkemia Carl Djerassi, na chini yake maneno "baba wa kidonge cha uzazi wa mpango". Baba mmoja tu, wengine wote hawatajwi hata kwa mstari.

Kidonge hiki kilitokana na Syntex, kampuni ya homoni iliyoanzishwa Mexico City mwaka 1944. Kabla ya hapo Russell Marker, mkemia Mmarekani, alikuwa amegundua namna ya kupata projesteroni, homoni ya kike, kutoka kwenye viazi vya porini vinavyoota jimbo la Veracruz, Meksiko. Makampuni ya kwao yalikataa kuweka fedha Meksiko. Basi akatengeneza mwenyewe, akaingia kwenye ofisi ya maabara moja ya homoni pale mjini akiwa na mitungi miwili aliyoifunga kwa magazeti. Ndani mlikuwa na projesteroni kama kilo mbili, wakati gramu moja iliuzwa dola 80. Yeye na wenye maabara ile ndio waliounda Syntex. Mwaka 1945 aligombana nao kuhusu fedha, akaondoka na ujuzi wake. Mkemia mwingine, George Rosenkranz, akaletwa kutoka Havana kuanza karibu upya.

Tarehe 15 Oktoba 1951, ndani ya maabara ya Syntex, noretisteroni ikapatikana. Aliyekamilisha hatua ya mwisho kwa mikono yake ni Luis Miramontes, kijana wa Meksiko, kutoka mji wa Tepic, mwenye miaka 26, bado mwanafunzi. Jina lake limo kwenye hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, pamoja na la Djerassi na la Rosenkranz. Limo! Nashindwa kuelewa kwa nini mtu anayeandika historia asifungue hataza akasoma majina matatu.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba Djerassi ndiye aliyeiongoza kazi ile, na kwamba bila mtaji wa kampuni viazi vingebaki msituni. Sawa. Ila hata majina matatu hayatoshi, na hapa ndipo ninapoumia zaidi.

Kiazi chenyewe kilichokuja kutegemewa kinaitwa barbasco. Hakikulimwa shambani, kilitafutwa. Mkulima maskini wa Veracruz au Oaxaca aliingia msituni na panga, akafuata mtambaa hadi shinani, akachimba kwenye udongo mzito wenye mizizi ya miti, akang'oa, akajaza gunia, akalibeba mgongoni hadi kwa mnunuzi. Huko viazi vilikatwakatwa, vikaachwa vichachuke, kisha vikaanikwa juani na kugeuzwageuzwa hadi vikauke. Ndipo safari ya kwenda kiwandani ilipoanza. Wengi wa wachimbaji hao hawakuambiwa mzizi ule unakwenda kufanya nini. Waliojua kuutofautisha na mizizi mingine mia ya msitu ule ni wao, si mkemia. Huo nao ni ujuzi, na sayansi ya homoni iliutegemea kwa miaka mingi bila kuutaja.

Serikali ya Meksiko ilikuja kuunda shirika lake, Proquivemex, mwaka 1975 ili wachimbaji wapate bei bora. Walichelewa. Viwanda vilikuwa tayari vinageukia malighafi nyingine, ikiwemo soya.

Na wanawake wa Meksiko je? Nchi iliyotoa kiazi na maabara ilikuwa na sheria ya idadi ya watu ya mwaka 1947 iliyohimiza uzazi, na haikubadilishwa hadi 1974. Kidonge cha kwanza kuidhinishwa Marekani kwa uzazi wa mpango, mwaka 1960, hakikuwa hata cha Syntex. Kilikuwa cha Searle, kampuni ya Marekani, kikiwa kimejaribiwa kwa wanawake wa Puerto Rico kuanzia 1956, kwa kipimo cha miligramu 10 za noretinodreli, homoni inayokaribiana na noretisteroni. Leo kidonge cha noretisteroni pekee kinazuia mimba kwa miligramu 0.35. Wale wanawake waliolalamika kizunguzungu, kichefuchefu na kichwa kuuma walikuwa wanasema kweli, na walistahili kusikilizwa siku ileile.

Syntex yenyewe ilihamishia makao yake Palo Alto, California. Mwaka 1994 kampuni ya dawa ya Roche ikainunua kwa zaidi ya dola bilioni 5, na jina likafifia.

Nilimsimulia dada haya yote jioni. Akakigeuza kidonge kiganjani, kidogo kuliko punje ya hindi, akaniuliza, "Hao wachimbaji walilipwaje?" Nikamjibu kwamba walilipwa kwa kilo, ya kiazi kibichi.