Sh 25 kwa sekunde: 5G imekuja, bei bado inapimwa kwa MB

Sekunde moja ya 5G, kizazi cha tano cha mtandao wa simu, ina bei, na mtu akishika kalamu anaipata. Simu nzuri iliyo karibu na mnara hufikia kasi ya Mbps 100 (megabiti kwa sekunde) bila kutoka jasho, yaani MB 12.5 kila sekunde, kwani biti nane ni baiti moja. Mwaka 2022, malalamiko ya bando kupanda yalipochacha, Nape Nnauye, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, alieleza kwamba bei elekezi ya data ni kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35 kwa MB. Zidisha. Kwa bei ya chini, sekunde hiyo ni kama Sh 25. Kwa bei ya juu inapita Sh 116. GB moja ambayo zamani ilimfikisha mtu jioni, kwa kasi hiyo ina uhai wa sekunde 80.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila ina uchokozi ndani yake. Hakuna anayepakua faili kutwa nzima bila kupumzika, na filamu ya MB 700 ni MB 700 tu, uipakue kwa dakika moja au kwa saa nzima. 5G yenyewe haili bando. Kinachokula ni video. Programu za video hupima kasi ya laini kisha huchagua ubora wa picha: mtandao ukiwa mzito unapewa 360p yenye ukungu, ukiwa mwepesi picha inapanda yenyewe hadi 1080p, na saa moja ya kutazama inameza data mara kadhaa ya ile ya awali. Mteja hakubonyeza kitu. Amebadilisha simu tu. Kwa hiyo anayelalamika kijiweni kwamba "hii 5G inafyonza bando", na mtoa huduma anayemjibu kwamba "wewe ndiye umetumia", wote wanasema kweli. Ndiyo maana ubishi wao hauishi.

Na ndiyo maana sifurahishwi na namna tunavyolinganisha mitandao tangu 5G ije. Tunauliza nani ana kasi zaidi. Swali linalogusa mfuko ni nani ameacha kuuza kwa MB.

Tuanze na nani yuko wapi. Vodacom ndiyo iliyotangulia kuwasha 5G ya kibiashara nchini Tanzania, Septemba 2022. Mwezi uliofuata TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilipiga mnada masafa, yaani njia za mawimbi ya redio, na kukusanya zaidi ya dola milioni 187. Vodacom ilitoa takriban dola milioni 63, Airtel takriban milioni 60. Agosti 2023 Airtel nayo ikazindua 5G yake, sambamba na mkongo wa baharini wa 2Africa, yaani waya wa intaneti unaopita chini ya bahari. Tigo, ambayo tangu Novemba 2024 tunaiita Yas, haikubaki nyuma kwenye mashindano hayo. Halotel, iliyoanza huduma 2015, ilijijengea jina kwa njia tofauti kabisa: kwenda vijijini ambako wenzake walikuwa wakisitasita. TTCL, mali ya serikali, ina mkongo wa taifa mkononi na faiba ya majumbani, lakini kwenye simu za mkononi bado ni mdogo wao wote.

Mtu akisikia orodha hiyo anaweza kudhani kila kampuni ina minara yake na vita ni vya minara. Sivyo hasa. Minara mingi nchini ni ya kampuni za kupangisha minara. Helios Towers ni mwenye nyumba mkubwa, na Airtel iliuza minara yake kwa SBA ya Marekani. Utazame vizuri mnara wa mtaani kwako: mara nyingi umebeba antena za kampuni mbili au tatu. Tofauti ya mtandao unaopeta na unaosumbua, mtaa ule ule, iko kwenye kilichotundikwa pale juu, kwenye masafa ambayo kampuni ililipia, kwenye waya wa faiba au mawimbi yanayoutoa mzigo mnarani, na kwenye idadi ya wateja wanaogombania mnara huo saa mbili usiku.

Masafa yana tabia, na tabia hizo zinaeleza ramani kuliko tangazo lolote. Masafa ya MHz 3500, yanayotumika sana kwa 5G, ni kama barabara pana lakini fupi: yanabeba mzigo mkubwa, ila ukuta wa tofali na bati vinayachosha haraka. Masafa ya MHz 700 yanafika mbali na kupenya ndani ya nyumba, lakini barabara yake ni nyembamba. Kwa kampuni inayotaka faida, barabara pana inajengwa penye magari. Mkoa wa Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 5.3 kwenye eneo lisilofika kilomita za mraba 1,400. Katavi ina watu wapatao milioni 1.15 kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Mnara mmoja wa 5G Kariakoo unaweza kuona wateja wengi kuliko minara kadhaa ya kule. Usishangae basi TCRA ikitoa takwimu za ufikiaji kwa vipimo viwili, cha watu na cha eneo, halafu matangazo yakapenda cha watu. Kufikia asilimia kubwa ya watu hakumaanishi kufikia asilimia hiyo ya ardhi, na basi la mkoani hupita kwenye ardhi.

Sasa upande wa wanaoishangilia 5G. Wana hoja nzito, na nadhani wengi wetu tunaipuuza kwa sababu ya hasira za bando. Kwanza, 5G inapunguza foleni. Kila mwenye simu ya 5G anapohamia barabara mpya, mwenye simu ya 4G aliyebaki anapata nafasi. Kwa hiyo hata asiyekuwa na uwezo wa kununua simu mpya ananufaika, ingawa hataambiwa. Pili, kusafirisha GB moja kwa 5G kunamgharimu mtoa huduma kidogo kuliko kwa mitambo ya zamani, mradi mnara una wateja wa kutosha. Tatu, faida ya Kariakoo na Mlimani City ndiyo inayolipa deni la mitambo, kisha ndiyo tunatarajia kitu kishuke mikoani.

Hoja hiyo ya tatu ndiyo inayonipa shida. Kama faida ya mjini ingekuwa inatiririka yenyewe hadi vijijini, tusingehitaji Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mei 2023, mbele ya Rais Samia, mfuko huo ulisaini mikataba na watoa huduma ya kujenga minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya takriban Sh bilioni 126. Ruzuku hutolewa pale ambapo hesabu ya biashara imegoma. Na hata mnara ukisimama, nusu ya kazi ndiyo imekwisha: mwanakijiji mwenye kitochi hana cha kufanya na 4G, sembuse 5G. Bei ya simu ni sehemu ya bei ya mtandao, japo haiandikwi kwenye menyu.

Turudi kwenye ile Sh 2.03, maana hapo ndipo mjadala umekaa vibaya. Watu wengi wanajua kuwa serikali imeweka ukomo wa juu wa bei na wanaona ni jambo jema. Wachache wanajua kuna ukomo wa chini pia, yaani kampuni ikitaka kuuza MB kwa shilingi moja, inakutana na mstari. Anayeutetea mstari huo ana la kusema. Mkubwa mwenye mtaji anaweza kuuza kwa hasara miaka miwili hadi wadogo wafunge, halafu akabaki peke yake sokoni na kupandisha atakavyo. Soko lenye mitandao mitano ni bora kuliko la wawili, na wadogo kama Halotel na TTCL wanahitaji pumzi. Zaidi ya hapo, masafa na mitambo vimenunuliwa kwa dola, wakati vocha inauzwa kwa shilingi.

Anayeupinga naye ana lake: mstari uliochorwa kwa gharama za 3G na 4G unakuwa ukuta pale teknolojia inaposhusha gharama. Kama 5G kweli inapunguza gharama ya GB, na mstari haushuki, tofauti hiyo inaishia mfukoni mwa nani? Mimi niko upande huu zaidi, kwa sharti moja: mstari uhesabiwe upya kila teknolojia inapobadilika, usifutwe. Tumeona mwaka 2021 nini hutokea bei zikiguswa kwa kushtukiza. Tarehe 2 Aprili vifurushi vipya vilianza, watu wakapiga kelele siku hiyo hiyo, na serikali ikasitisha. Kanuni za mwaka huo zilituachia angalau ule ujumbe wa kwamba kifurushi kimefika asilimia 75, ambao kwa kasi ya sasa huwa unafika ukiwa umekwishachelewa.

Na serikali isijifiche nyuma ya kampuni. Kwa miaka mingi data imetozwa ushuru wa bidhaa asilimia 17, kisha VAT asilimia 18 juu yake. Ukipiga hesabu kwa viwango hivyo, katika kila Sh 1,000 unayojiungia, kama Sh 276 ni kodi. Mbunge anayelalamikia bando bungeni mwezi Juni ni yule yule anayepitisha bajeti yenye ushuru huo.

Kulinganisha bei za vifurushi vya kawaida kati ya mtandao na mtandao nimeacha siku nyingi. Zimesogeleana mno, kwa sababu zote zimebanwa kati ya mistari ile ile miwili. Isitoshe, menyu za "ofa yako wewe tu" zimevuruga kila kitu: mimi na mdogo wangu, mtandao mmoja, kochi moja, simu zinatuonyesha bei tofauti. Utalinganishaje bei ambayo haipo hadharani?

Mahali ambapo 5G imeleta kitu kipya ni nyumbani. Ruta ya 5G ya mwezi haiuzwi kwa MB. Inauzwa kwa kasi. Unalipia Mbps fulani kwa siku 30, basi. Watoto wakitazama katuni kwa 1080p, shauri yao. Familia ya watu watano iliyokuwa ikinunua bando tano za wiki inaweza kuokoa pesa nzuri, na wenye ofisi ndogo, studio za mitaani na wanaofundisha mtandaoni wamelielewa hili mapema kuliko wachambuzi. Hapo hata TTCL, pamoja na "Faiba Mlangoni Kwako" yake, inakuwa mshindani wa kweli, kwani faiba ikishafika mlangoni haisumbuliwi na jirani kama mawimbi.

Ila soma masharti. Vingi vya vifurushi hivi "visivyo na kikomo" vina kikomo cha matumizi ya haki: ukivuka kiasi fulani, kasi inashushwa hadi mwezi uishe. Kikomo kikiandikwa wazi sina ugomvi nacho. Nimewahi kununua ruta ya mwezi nikaambiwa dukani "tumia utakavyo". Siku ya 19 ukurasa mmoja ulikuwa unachukua muda wa kuchemsha chai. Nilipopiga simu huduma kwa wateja ndipo nikasomewa kifungu ambacho hakikuwa kwenye karatasi niliyopewa. Pia muuzaji ambaye hajakujaribishia mawimbi sebuleni kwako amekuuzia bahati nasibu, kwa sababu ya ule ukuta wa tofali na MHz 3500.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kasi ya mnarani haiwezi kulitibu. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na mtandao ukayumba nchi nzima. Siku hiyo simu ziliendelea kuandika 4G na 5G kwa majivuno, huku kurasa nyingi hazifunguki. Mtandao wenye njia tatu za kutoka nchini una thamani kuliko wenye antena mpya na njia moja, lakini sijaona bango la barabarani linalotangaza idadi ya mikongo.

Mwezi uliopita nilipanda basi stendi ya Magufuli kwenda Lushoto, laini mbili kwenye simu, nikajiunga kifurushi cha aina moja kwa kila laini kabla gari halijatoka. Kibaha ile ya kwanza iliandika 5G, Chalinze 4G, na baada ya Segera ikawa inapanda na kushuka kama mgonjwa wa homa. Ya pili, ambayo Dar huwa naidharau kwa uzito wake, ilishika 4G yake karibu njia nzima bila makeke. Tulipoanza kupanda kona kutoka Mombo kuelekea Soni, ya kwanza ilikuwa imebaki na herufi E, alama ya mtandao wa zamani wa 2G. Kondakta, aliyekuwa akitafuta matokeo ya mpira, aliniomba nimrushie hotspoti kutoka ile ya pili. Kifurushi cha laini ya kwanza kiliisha muda wake usiku wa manane, kikiwa na MB 612 ambazo hazikupata pa kwenda.