Panya akitikisa kichwa, tumejua nini?

Kuna kijana tunapanga naye nyumba moja hapa Wandegeya, Kampala, anasoma famasia. Juzi tunangoja rolex, ile chapati ya kuzungushia mayai, akaniambia kuna dawa mpya za sonona zinatengenezwa, ni ndugu wa LSD, ile dawa ya kulevya, lakini hazileti maluweluwe, yaani mtu haoni vitu visivyokuwepo. Nikamuuliza nani kasema hazileti, akajibu zimepimwa kwa panya. Mi nikacheka, nikamwambia huyo panya aliulizwa kwa lugha gani? Akakasirika kidogo, "mzee hii kitu huielewi", na kusema ukweli hakukosea sana, maana nilipoenda kusoma nikakuta hio kazi ya panya ina akili kuliko nilivyodhani, alafu ina matundu mahali ambapo yeye hakuangalia.

Ukimdunga panya wa aina ndogo LSD, ndani ya dakika chache anaanza kutikisa kichwa kushoto kulia haraka sana, kama vile tone la maji limemwingia sikioni. Inakwisha kabla hujapepesa jicho, anarudi kunusa nusa kona za boksi lake, baadae anatikisa tena. Zamani mtu alikaa na kalamu akihesabu kwa macho, siku hizi wanambandikia kisumaku kichwani na waya uliozungushwa kwenye boksi unahesabu wenyewe. Tangu mwaka 1967 kuna watafiti waliandika kwamba hizi tikisa za kichwa zinaelekea kwenda pamoja na dawa zinazomfanya binadamu aone maluweluwe. Baadae ikajulikana kwa nini: kwenye ubongo kuna kipokezi cha serotonini, kemikali ya kupeleka ujumbe, kinaitwa 5-HT2A, ndo LSD inakoshika, na panya aliyezalishwa bila hicho kipokezi ukimpa LSD hatikisi kitu.

Sasa hapa lazima niwape haki yao. Mwaka 2020 timu moja Marekani ilipanga dawa 36 za aina hii kwa nguvu zake kwa panya, wakalinganisha na nguvu zake kwa watu, na hizo orodha mbili zikafuatana kwa karibu sana. LSD inafanya kazi kwa sehemu ya kumi ya miligramu, meskalini, nyingine ya aina hii, inataka mamia ya miligramu, na panya anakuonyesha huo mpangilio bila kusema neno. Kuna jambo jingine watu hulisahau, panya hana matarajio. Mtu ukimpa hizi dawa kwenye utafiti anajua haraka kwamba amepata ya kweli, ameshasikia habari zake, anataka apone, na huwezi kutenganisha dawa na hamu yake. Panya hajasoma gazeti.

Lakini angalia 5-HTP, hii inauzwa tu madukani kama kirutubisho cha usingizi, mpe panya, kichwa kinatikisika vizuri kabisa, ila watu wanaimeza na kulala bila kuona majini. Kipimo kimedanganyika. Kuna njia nyingine ya panya wa aina kubwa, wanafundishwa wiki nyingi kwamba ukijisikia umepewa LSD bonyeza kidude hiki upate chakula, ukijisikia umepewa maji ya chumvi bonyeza kile, alafu wanapewa dawa mpya wanaangaliwa watabonyeza wapi. Ni kama kumuuliza panya "hii unaijua?" Inasikika bora. Ila ukiwapa lisuridi, dawa ambayo watu wameitumia kwa Parkinson na kipandauso, wanabonyeza kidude cha LSD, wakati kwa dozi za kawaida za hospitali watu hawapai angani. Na cha ajabu ni kwamba hio hio lisuridi kile kipimo cha kutikisa kichwa kinaipata sawa, panya wa aina ndogo hatikisi. Kwa hio kipimo kinachoonekana cha kijinga ndo kilishinda hapo.

Alafu kuna suala la dozi. Ukiongeza dawa hizi tikisa zinapanda, zinafika kileleni, zinaanza kushuka tena. Mtu akipima kwa dozi moja kubwa tu anaweza kuandika "haina kitu" kumbe amevuka mlima mzima.

Ila kilichonikaa mimi ni mambo ya kwetu. Machi 2019 kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, wilaya za Napak na Amudat, watu walipewa unga wa lishe wa msaada, ule wa akina mama wajawazito na watoto, wakaanza kutapika, homa, kuchanganyikiwa akili, wengine hawajui wako wapi. Karibu watu 300 waliugua na 5 wakafa, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ikasimamisha ugawaji. Maabara zilikuta atropini na skopolamini, sumu za mnanaha, lile gugu la shambani, maana mbegu za mnanaha zilikuwa zimechanganyika na soya tangu shambani. Banange, hayo ndo maluweluwe yaliyotufikia sisi, hayakuja na karamu ya wazungu.

Sasa chukua ule unga umpeleke kwa panya wa kutikisa kichwa. Hatatikisa. Skopolamini haishiki 5-HT2A, inaziba njia nyingine kabisa, panya atakimbia kimbia tu na kusahau njia. Ketamini, dawa ya usingizi ya hospitali inayoleta maluweluwe pia, nayo vivyo hivyo. Yaani kipimo kinajua kitasa kimoja tu, na maluweluwe yana milango mingi. Na ungesema basi tutumie mnyama mwingine, ungeangukia kwa sungura, sungura wengi damu yao ina kimeng'enya cha kuvunja atropini, wanakula majani ya jamii hio na kuendelea na maisha. Angeonja posho ile akakuambia ni salama.

Kuhusu kubeba dozi kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, kuna kisa cha Tusko, ndovu wa zoo ya Oklahoma City. Agosti 1962 walimpa LSD miligramu 297, karibu mara 3000 ya dozi ya mtu, wakitaka kuona kama itamwamshia ule ukali unaowapanda ndovu madume kwa vipindi. Ndani ya dakika tano akaanguka, saa moja na dakika arobaini baadae amekufa, na kwa vile walimdunga dawa zingine kumtuliza mpaka leo watu wanabishana nini kilimuua. Sikitiko tupu, na hakuna alichotufundisha.

Msimamo wangu basi. Ukiniuliza dawa hii inagusa 5-HT2A na kwa dozi gani, namwamini panya, tena sana. Ukiniambia dawa haileti maluweluwe kwa sababu panya hakutikisa, hapo nakataa. Mfano ni tabernanthalogi, moja ya hizo dawa mpya, iliyotengenezwa kwa kubadilisha ibogaini, dawa ya maluweluwe ya mti wa iboga wa Gabon na kutangazwa mwishoni mwa 2020: panya hawakutikisa kichwa, habari njema, ila ibogaini yenyewe shida yake kubwa kwa watu ni kuvuruga mapigo ya moyo, na moyo wa panya unatumia mkondo tofauti wa umeme kujirudisha tayari kwa pigo linalofuata, kwa hio hata hilo panya si shahidi mzuri. Atakayejua ni mtu wa kwanza kuimeza.

Nilimweleza kijana hayo yote. Akabishania ya lisuridi mpaka rolex ikapoa, ya Karamoja akanyamaza. Tunaondoka akaniuliza, mzee, wale sungura wa mama mwenye nyumba kule nyuma, kweli wanaweza kula mnanaha? Nikamwambia asithubutu kujaribu, yule mama atatufukuza wote wawili.