Hudson Taylor nchini China: joho, fedha na manowari

James Hudson Taylor, mmishonari wa karne ya 19 aliyeanzisha China Inland Mission, akitajwa, wengi hukumbuka mavazi: Mwingereza aliyenyoa nywele za mbele, akasuka mkia kisogoni na kuvaa joho la Kichina. Wanaomsifu wanasema hiyo ndiyo siri ya kazi yake. Wanaomlaumu wanasema joho lilimfunika mgeni aliyebebwa na mikataba ya vita. Pande zote mbili zinaipa nguo uzito usio wake. Ukitaka kuipima kazi ya misheni yoyote, uliza mambo mawili: fedha zinatoka wapi, na mmishonari akipigwa anamkimbilia nani.

Taylor alizaliwa Barnsley mwaka 1832, akafika Shanghai Machi 1854. Wakati huo wageni waliruhusiwa kukaa katika bandari tano tu, zilizofunguliwa kwa Mkataba wa Nanjing wa 1842, baada ya Vita vya Afyuni ambavyo Uingereza iliishinda China. Mikataba ya 1858 na 1860 ikafungua bara kwa wahubiri, na makubaliano ya ushuru ya 1858 yakahalalisha afyuni. Kwa hiyo Injili na afyuni viliingia kwa mlango mmoja, na Wachina waliliona hilo. Taylor aliichukia afyuni kwa dhati, na shemeji yake Benjamin Broomhall aliipiga vita Uingereza kwa miaka mingi. Hata hivyo, kibali cha kusafiria alichobeba Taylor kilitokana na mikataba ileile.

Mavazi aliyabadili mwaka 1855, na haikuwa kazi nyepesi. Kinyozi ananyoa kuanzia paji la uso hadi utosini. Nywele za nyuma zinatiwa rangi nyeusi na kuungwa na za bandia mpaka zitoshe kusukwa. Kisha suruali pana, soksi za pamba zisizovutika na viatu vya kitambaa. Alipokuwa akitayarisha rangi hiyo, chupa ya amonia ilimfumukia usoni, na aliokolewa na maji yaliyokuwa karibu. Faida ilionekana vijijini, kwa kuwa watu hawakuishia tena kushangaa koti lake. Hasara ilikuwa kwa Wazungu wenzake wa Shanghai, waliomwona amejishusha. Hata ndani ya kundi lililokuja naye kwa meli ya Lammermuir mwaka 1866, mhunzi Lewis Nicol aliyakataa mavazi hayo, akaondolewa kwenye misheni mwaka 1868. Hoja ya Nicol haikuwa ya kipuuzi: aliona kwamba akivaa Kiingereza anaheshimiwa zaidi na yuko salama zaidi. Naamini hapo ndipo thamani ya joho ilipo. Aliyelivaa alikubali kuupoteza ule woga ambao Mchina alikuwa nao mbele ya Mwingereza.

Lakini joho halikumwondolea mtu uraia wake. Agosti 1868 uvumi ulienea katika mji wa Yangzhou kwamba wageni wanaiba watoto. Usiku wa tarehe 22 umati ukaivamia nyumba ya misheni na kuichoma moto. Maria, mke wa Taylor, akiwa mjamzito, aliruka kutoka ghorofani na kuumia. Balozi mdogo wa Uingereza, Medhurst, akaibeba kesi hiyo hadi Nanjing kwa Gavana Mkuu Zeng Guofan, akisindikizwa na manowari. Taylor hakuomba manowari, na watetezi wake wana haki ya kulisema hilo. Ila Novemba familia yake ilirudi katika nyumba ile chini ya ulinzi uliopatikana kwa njia hiyo, na mtu wa Yangzhou hakuwa na namna ya kutofautisha aliyeomba na aliyenufaika tu. Kule London nako wakubwa wa Bunge walilalamika kwamba wamishonari wataliingiza taifa vitani.

Kwenye fedha msimamo wake ulikuwa wazi zaidi. China Inland Mission ilianza mwaka 1865 kwa akaunti ya benki ya pauni 10 na lengo la watumishi 24: wawili kwa kila jimbo kati ya majimbo 11 yasiyo na mmishonari, na wawili kwa Mongolia. Hapakuwa na mshahara maalumu, kuchangisha wala kukopa. Kilichopatikana kiligawanywa, kikipungua, wote walipunguziwa. Uamuzi ulifanyika China badala ya ofisi za London, na mafundi wa mikono na wanawake wasioolewa, ambao bodi nyingi ziliwakataa, walipata nafasi. Utaratibu huu ndio ulioigwa na Africa Inland Mission iliyoanza Ukambani mwaka 1895, mama wa makanisa ya AIC (Africa Inland Church) ya Kenya na Tanzania.

Udhaifu wake ni kwamba kutoomba si sawa na kutojulisha. Jarida la misheni lilieleza mahitaji ya kazi kila mwezi, na msomaji mwenye fedha alielewa. George Müller, mlezi wa yatima wa Bristol, peke yake alibeba sehemu kubwa ya matumizi ya miaka ya mwanzo. Tena kupokea watu wenye elimu ndogo kulileta shida ya lugha, mpaka vilipoanzishwa vyuo vya Anqing kwa wanaume na Yangzhou kwa wanawake, vyenye mitihani ya hatua kwa hatua.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1900 na Mabondia, waasi wa Kichina waliowashambulia wageni na Wakristo. Misheni ilipoteza watu wazima 58 na watoto 21, wengi wao katika jimbo la Shanxi. Mkataba wa 1901 uliibebesha China fidia ya taeli (kipimo cha fedha cha Kichina) milioni 450 kwa miaka 39, mzigo ulioishia kwa mlipa kodi. Misheni ya Taylor ilikataa fidia yoyote, hata ya majengo. Timothy Richard, Mbaptisti kutoka Wales, alichagua njia nyingine: faini ya taeli 500,000 iliyotozwa Shanxi igharimie chuo kikuu huko Taiyuan, kilichofunguliwa mwaka 1902. Chuo kile kilikuwa na faida ya kudumu, sikatai. Lakini kilijengwa kwa fedha iliyotolewa kwa shuruti, ilhali kukataa kulijibu swali la nani anakimbiliwa kwa namna ambayo joho halikuweza.

Ninapomlaumu Taylor bila kusita ni kwenye uongozi. Mfano bora alikuwa nao. Xi Shengmo wa Shanxi, msomi aliyewahi kuwa mtumwa wa afyuni, alifungua nyumba za kuwatibu waraibu kwa vidonge alivyotengeneza mwenyewe kwa dawa za Kichina, na nyumba hizo zilijiendesha kwa ada za wagonjwa. Mwaka 1886 Taylor alimweka wakfu kuwa mchungaji. Dixon Hoste, mmoja wa vijana saba wa Cambridge waliofika mwaka 1885, alikubali kufanya kazi chini ya Xi kwa miaka kadhaa, na baadaye ndiye aliyemrithi Taylor. Kwa hiyo Mzungu kuongozwa na Mchina lilikuwa jambo linalowezekana, na lilishafanyika ndani ya misheni hiyohiyo. Lakini Baraza la China, lililoundwa mwaka huohuo wa 1886 kuamua mambo ya misheni, lilikuwa la wageni watupu.